Redio Iliyomlilia Jokébed

Kifuniko cha mawe ya redio ya Berthe, yaani betri zake, kilikuwa kimepotea zamani, na mahali pake palifungwa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu la baiskeli. Kila asubuhi Berthe aliyatoa yale mawe, akayapanga juu ya bati la jiko yaote jua, na jioni akayarudisha yakiwa na moto mkononi. Mawe mapya yalikuwepo sokoni Butembo, hilo sikatai, hata vita ilipokuwa kali mji ule haukukosa kitu cha kuuza. Ila mwenye kuyanunua alikuwa nani? Majirani walipomwona Berthe anapanda kigoda ashushe mawe yake, waliacha kazi zao wakaja na viti. Walijua komunike ziko karibu.

Komunike ndiyo ilikuwa simu yetu, posta yetu na gazeti letu. Fulani amefariki Kasugho, wanawe waje haraka. Mtoto ameokotwa njiani, anasema mama yake anauza chumvi. Lori la fulani limefika Kasindi salama. Barabara zilikuwa zimekatika kwa bunduki za makundi ambayo hata majina yake yalibadilika kabla hujayazoea, na ikiwa mtu wako alitoka asubuhi asirudi, ulibaki na sala na redio. Wengi wetu tulianza na redio.

Berthe alimngojea Phinées, mume wake. Phinées aliendesha pikapu ya tajiri mmoja, akileta kahawa na mawese kutoka Mutwanga. Safari ile ya mwisho alimchukua binti yao Victoire, mwenye miaka kumi na sita, amsaidie kuangalia mzigo, maana shule zilikuwa zimefungwa. Mbele ya Beni watu wenye bunduki wakalisimamisha gari. Victoire alirudi Butembo peke yake siku kadhaa baadaye, juu ya pikipiki ya mtu mwema, amevaa kitenge ambacho si cha kwao.

"Papa balimubakisha," alisema. Hakuongeza neno.

Berthe alimwogesha mwenyewe, akaona aliyoyaona, akanyamaza. Alidhani kunyamaza ni huruma. Victoire naye akanyamaza, na hivyo wawili hao wakaishi katika nyumba moja, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kutosema kitu. Msichana akaacha kwaya. Shule zilipofunguliwa alikwenda kidogo, akachoka kuona midomo ikifungwa kila alipopita. Redio ilipowashwa alikuwa anajifungia chumbani.

Kisha akafa Jokébed.

Jokébed alikuwa mwanafunzi, binti wa fundi cherehani wa ng'ambo ya mto Kimemi. Alijiua. Njia aliyoitumia siitaji hapa. Redio iliitaja ya kutosha, na mahali, na saa, na nguo ya shule aliyoipiga pasi, mpaka ukamwuliza mtoto asiyejua kusoma akakueleza yote kama njia ya kwenda dukani. Nikikumbuka hasira inanipanda hata leo.

Zamani kwetu mtu aliyekufa hivyo alizikwa kimyakimya. Hapakuwa na matanga wala kulala nje. Sisemi desturi ile ilikuwa na huruma, maana mama wa marehemu aliachwa peke yake na majonzi yake kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Lakini redio iliigeuza chini juu. Kulikuwa na kipindi cha vijana, kikitangulia komunike, na mtangazaji wake alikuwa Jacob, mtoto wa dada mkubwa wa Berthe. Kijana mzuri, mpole, mwenye sauti ambayo hata akisoma bei ya vitunguu wasichana wanatulia. Jacob akasoma maneno ambayo Jokébed aliyaacha. Akayasoma tena kesho yake kwa sababu watu waliomba. Akapiga wimbo wa gitaa la taratibu, akauita wimbo wa Jokébed, akawaambia wasikilizaji walete salamu zao kwa marehemu katika sanduku pale getini. Walileta! Jokébed, ua letu. Jokébed, umepumzika na vita. Jokébed, sisi tuliobaki ndio wa kuhurumiwa. Kila jioni salamu ziliongezeka na komunike zikasukumwa mbele, zikasomwa mbiombio mwishoni. Nje ya geti mtu alianza kuuza picha ya marehemu, na mwingine sambusa. Butembo ni Butembo.

Na Victoire akatoka chumbani.

Alitoka akaja kukaa karibu kabisa na redio, magoti yakigusa meza. Alianza kula. Aliosha nywele. Jioni moja alimwomba mama yake anyamaze kidogo, asikie vizuri, na Berthe karibu acheke kwa furaha, kwa kuwa ilikuwa muda mrefu binti yake hajataka kitu chochote. Akamshukuru Bikira Maria kwa rozari nzima. Ikafika mahali akawa anamtuma Victoire mwenyewe redioni kupeleka komunike ya baba yake, apate hewa na aone watu. Victoire alikwenda bila kunung'unika. Siku nyingine alimpa Kahindo, binti wa jirani, kitenge chake cha kwaya.

"Unamupatia kabisa?" aliuliza Berthe.

"Sina kazi nayo tena, mama. Ye anaipenda."

Berthe akasimulia mtaani jinsi mtoto wake alivyokuwa na moyo wa kutoa. Alisimulia kwa majivuno, maskini.

Jioni moja walikuwa wamekaa kama kawaida. Berthe alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, na kando yake alikaa Mama Maliro, mjane wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe Maliro alichukuliwa na wenye bunduki akitoka shambani. Jacob akaingia hewani na sauti ya huzuni kuliko siku zote. Msichana mwingine, alisema, huko Beni. Amefanya kama Jokébed. Amemfuata dada yake Jokébed. Jumamosi kutakuwa na kipindi kirefu cha kuwalilia wote wawili, moja kwa moja hewani, na kila mtu alete salamu.

"Yesu," alisema Mama Maliro, akajifunga kitenge vizuri.

Berthe alimtazama binti yake. Alitegemea kuona hofu. Aliona wivu. Nasema wivu kwa sababu ndiyo neno lenyewe: uso wa mtoto anayemwona mwenzake amepewa kitu ambacho yeye amekingoja.

"Sasa na ye pia batamwita kila siku," alisema Victoire polepole.

"Unasema nini?"

"Papa banamusoma mara moja tu, mbio mbio, katikati ya batu bengine. Hata jina yake banaikosea. Jokébed, mji muzima iko namulilia." Alichezea mpira wa redio kwa kidole. "Mama, mie ningebakia kule pa barabara, nani angejua jina yangu?"

Ungo ulimtoka Berthe mikononi. Maharagwe yalimwagika, na hakuna aliyeyaokota.

Asubuhi alikwenda redioni. Jumba lilikuwa dogo, ukuta wa ndani umebandikwa trei za mayai ili kuzuia kelele, na Jacob alikuwa anapanga kanda. Aliinuka kwa heshima, akampa kiti.

"Mama mudogo, karibu. Victoire hakukuja leo?"

"Hapana. Jacob, juu ya Victoire ndiyo nimekuja."

"Ah, ule mutoto! Anapenda émission yetu ya bijana kabisa. Juzi aliniuliza: mutu akikufa, ni nani anachaguaka wimbo wake, ni famille ao ni radio?" Jacob alitabasamu. "Nikamwambia ni mie. Akafurahi."

Berthe alishika ukingo wa meza. Alimweleza yote: kula kwake, kitenge, yale aliyoyasema jioni. Alisema bila kupamba, kama mtu anayemweleza daktari, na Jacob akaacha kutabasamu. Lakini alipomwambia asimamishe kipindi, kijana alitikisa kichwa.

"Mama mudogo, siwezi. Batu banakuja mpaka hapa mulangoni na machozi. Directeur mwenyewe anasema hatujapata basikilizaji sawa vile."

"Basikilizaji! Jacob, mutoto wangu atakufa."

"Mais, tutasema nini ingine?" Sauti yake nzuri ilipanda. "Unafikiri sina mambo ya kusema? Batu banachinjwa kule chini, banakamatwa, bijiji binawaka, na sisi hapa ruhusa ni kusema 'amepotea'. Tu! Hapana kusema nani alimupoteza. Baaskari balishakuja, balituambia: siku mutataja habari ya vita, radio inafungwa siku ile ile, na mutafungwa, mutalala kasho. Huyu Jokébed ndiye mufu mumoja mwenye banatuachia tulilie. Donc batu bote banalilia kwake wafu bao."

Hapo Berthe alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimwongezea uchungu. Mji mzima ulikuwa na machozi ya baba na kaka na watoto, umekatazwa kuyamwaga mahali pake, ukayamwaga yote juu ya msichana mmoja. Kutoka mbali alionekana malkia. Mtoto mwenye kidonda angeacha vipi kumtamani?

"Njoo Jumamosi," alisema Jacob kwa upole. "Utaongea na bijana. Wewe ni mama, batakusikia. Uwashauri."

Berthe aliinuka, akatoka. Jioni ile hakushusha mawe. Aliyafukia ndani ya unga wa muhogo, akakaa mlangoni na mikono yake mapajani. Majirani walifika na viti vyao, wakasimama uani wasijue la kufanya. Mama Maliro ndiye aliyepaza sauti.

"Berthe, washa radio!"

"Pile zilikufa."

"Uongo! Niliziona ku bati saa sita. Na kama ni leo banamwita Maliro? Na kama ni leo banasema bamemupata, njooni mumuchukue, na mie niko hapa naangalia mulango yako?" Mwanamke yule alikitupa kiti chake chini. "Una roho gani, wewe?"

Berthe angemwambia nini mbele ya watu wote? Alitaka kumwambia kwamba kwake pia kila jioni isiyo na redio ni jioni ambayo pengine Phinées anaitwa. Alipogeuka kumtafuta Victoire, hakumwona. Alimpata kwa mshona viatu, upande wa chini wa barabara, amesimama na kundi la wasichana mbele ya redio nyingine, na wimbo wa gitaa ulikuwa unapigwa. Redio zilikuwa kwa mshona viatu, kwa kinyozi, kwa muuza mawese, kila mahali. Angefukia mawe mangapi?

Akayatoa kwenye unga, akayapangusa, akayarudisha.

Ijumaa alirudi kutoka sokoni akakuta nguo ya shule ya Victoire imetundikwa kwenye msumari. Blauzi nyeupe, sketi ya buluu. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, mikunjo imenyooka. Victoire hakuwa amekwenda shule kwa muda mrefu.

"Nguo hii ni ya nini?" Berthe aliuliza, na alijitahidi sauti yake iwe ya kawaida.

"Ni ya siku ya posho," alisema Victoire. Siku ya posho ni Jumamosi.

"Kuna nini siku ya posho?"

"Hakuna kitu, mama. Ni vile tu." Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la mtu asiye na shida tena, na Berthe hajapata kuona kitu kilichomtisha zaidi, hata siku ile kitenge kigeni kilipoingia mlangoni.

Alilala ameuegemea mlango. Hakuna haja ya kueleza usiku ule. Kulipokucha alikwenda kwa Mama Maliro, akafunga mlango na kumwambia ukweli wote, pamoja na yale ya barabarani ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mama Maliro alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungeniambia zamani," alisema.

"Najua. Nisaidie leo. Usimuache hata kidogo. Akienda choo, enda naye. Akikasirika, akasirike."

"Na wewe unaenda wapi?"

"Radio. Nitaenda kumwita."

Mama Maliro alidhani amesikia vibaya. "Kumwita nani?"

"Victoire," alisema Berthe, akatoka. Hakumwambia yaliyobaki. Alimtazama mara moja yule mama aliyekuwa anaishi kwa ajili ya komunike, akaona haya, akaenda zake.

Studioni palikuwa pamejaa. Sanduku la salamu lilikuwa limefurika na karatasi nyingine zimewekwa kwenye beseni. Jacob alifurahi kumwona mama yake mdogo, akamkalisha mbele ya mikrofoni na kumwonyesha asogee karibu, asipige kelele. Gitaa likashuka. "Tuko naye hapa mama mumoja," Jacob alisema kwa ile sauti yake, "mama muzazi wa hapa Butembo, atabashauri bijana wetu katika hii huzuni. Mama, bakusikie."

Berthe hakuwa amezungumza mbele ya watu zaidi ya wale wa chama cha mama wakatoliki. Aliyaona macho ya Jacob yakimhimiza.

"Victoire," alisema. "Victoire, mutoto yangu, ni mama. Niko nakuita. Uko muzima, na niko nakuita kwa radio, mji muzima iko nasikia jina yako, mpaka Beni banasikia. Hapana ngojea ukufe ndiyo tukuite. Victoire wa Phinées. Nakuita leo."

Jacob aliinamisha kichwa, aliguswa. Alidhani amemaliza.

"Na baba yako Phinées hakupotea," Berthe akaendelea. "Mutu hapotee sawa sindano. Balimukamata pa barabara ya Mutwanga. Benye balimukamata si majambazi, ni baaskari ya barrière, benye banafungaka barabara, banavaa nguo ya baaskari, na banajulikana. Yote yenye balitufanyia kule, aibu ni yao. Hapana yetu. Unasikia, Victoire? Hapana yetu ata kidogo."

Alitaka kusema zaidi, akayameza. Hayo mengine yalikuwa ya binti yake.

Jacob alikuwa ameinuka. "Mama mudogo," alinong'ona, "batatuua." Mkono wake ulielekea kwenye kitufe. Berthe akaushika kifundo. Alikuwa na mkono wa mwanamke aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, miaka yote ya ndoa yake, lakini sidhani ni nguvu tu iliyomzuia kijana yule. Angeweza kujinasua. Phinées ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

"Na Maliro, mutoto wa jirani yangu, hakupotea. Alikamatwa shambani, na kamba. Na Kambere wa muuza chumvi. Na Henri, fundi wa pikipiki." Alikuwa anaita wale wote ambao majina yao aliyasikia kila jioni yakisomwa mbiombio, na sasa aliyaita polepole, kila moja peke yake, na baada ya kila jina alisema nani aliyemchukua, kama ilivyonong'onwa mtaani. Fundi wa mitambo alikuwa ameshakimbia kupitia dirishani. Berthe alijua anachokifanya. Jacob mwenyewe ndiye aliyemfundisha: siku mutataja habari ya vita, radio inafungwa siku ile ile. Alijua pia kwamba kila jina analolitaja analifungia mlango, na jina la Phinées la kwanza. Ikiwa mtu, Mutwanga au popote, alikuwa na habari ya mume wake, hatakuwa tena na mahali pa kuileta.

Hakufika mwisho. Buti zilisikika uani, mlango ukapigwa teke.

"Kanga! Kanga radio!" alipiga kelele askari wa kwanza, akiamuru kwa Kilingala ifungwe, na wa pili akang'oa nyaya kwa mikono, na wa tatu akalibeba begani lile sanduku la mitambo lililokuwa linaipeleka sauti mpaka Beni. Gitaa lilikatika katikati. Berthe na Jacob walitupwa ndani ya jeep.

Kasho yenyewe ilikuwa ghala la kahawa la zamani, limegawanywa kwa mbao. Huko kwetu mfungwa hapewi chakula na aliyemfunga. Kama una watu watakuletea, kama huna utajua mwenyewe. Siku ya kwanza ilipita na mlinzi hakumwita Berthe. Aliwasikia wengine wakiitwa, akasikia sahani, akasikia watu wakitafuna. Hakuwa na njaa. Ila asiyeletewa chakula hana mtu nyumbani, na yeye nyumbani alikuwa na mtu mmoja.

"Mama mudogo," Jacob alisema nyuma ya mbao. Midomo yake ilikuwa imevimba, maneno yalitoka vibaya. "Umeua radio."

"Eeh."

"Komunike zote. Na papa mudogo Phinées. Sasa tutamusikia wapi?"

"Najua, Jacob."

Kisha Jacob akauliza Victoire alikuwa amefanya nini hasa, na Berthe akamsimulia ile blauzi, jinsi ilivyopigwa pasi. Jacob ndiye aliyewasimulia watu nguo ya Jokébed. Alikuwa ameisimulia vizuri, kwa ile sauti. Berthe alimsikia akilia huko upande wa pili, na hakuwa na nguvu ya kumfariji wala ya kumlaumu.

Kesho yake jua likiwa kali, mlinzi akagonga mbao kwa kitako cha bunduki.

"Mama ya Victoire! Chakula!"

Victoire alikuwa amesimama mlangoni na sahani iliyofungwa kwa kitambaa. Amevaa ile nguo ya shule. Pengine ndiyo nguo pekee safi aliyoikuta. Sasa haikuwa safi tena: sketi ilikuwa na majivu, blauzi ina doa kubwa la mawese kifuani, na mkono mmoja umekunjwa mpaka kwenye kiwiko, mweusi wa masizi. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa na hasira, na Berthe alitaka kupiga magoti kwa ajili ya hasira ile.

"Jana balinikatalia kuingia," alisema Victoire. "Nilikaa pa mulango mpaka jioni. Chakula mulinzi akakula."

"Wasingya, mutoto yangu," alisema Berthe. Alimshukuru kwa Kinande, kwa kuwa Kiswahili kilimwishia.

"Hapana niambie wasingya! Batu bote banakulaani, mama. Banapita pa nyumba banatema mate. Mama Maliro analia tangu siku ya posho, anasema uliuza mutoto wake. Hajaniacha ata choo, analia na ananifuata." Alimsukumia mama yake sahani. "Ulinitaja mbele ya mji muzima. Mie muzima! Na sasa papa tutamusikia wapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Victoire. Pengine hatutamusikia tena."

Hawakumsikia tena, nalisema sasa ili mtu asingoje. Redio ile ilikaa kimya hadi wenye mji walipobadilika, na Phinées hakurudi. Labda siku moja mtu alifika getini na habari yake, akakuta kufuli. Berthe amelifikiria geti lile kuliko alivyofikiria dhambi zake zote. Na wakati huo hakusikika msichana mwingine aliyemfuata Jokébed, wala Butembo wala Beni. Wapo wanaosema ni bahati. Mimi nina yangu ninayoyaamini, na Mama Maliro ana yake, na sithubutu kumwambia amekosea.

Berthe alifungua kitambaa. Foufou, ugali wetu wa muhogo, ilikuwa na mabonge, sombe haina chumvi ya kutosha. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Victoire hakuwahi kupika peke yake mpaka mwisho. Alikula akiwa amesimama, yaliyobaki akampitishia Jacob kwenye ufa wa mbao, akapangusa sahani kwa kidole. Victoire alimwangalia tu.

"Banasema batakuachilia lini?"

"Hawajasema."

Mlinzi aliguna, muda umekwisha. Victoire akachukua sahani, akageuka. Mgongo wake ndani ya blauzi ile ulikuwa mwembamba sana, na Berthe aliona wazi kwamba hakuna kilichopona. Nyumba ilikuwa tupu, mtaa ulikuwa unatema mate, usiku ulikuwa mrefu, na yeye alikuwa upande huu wa mbao.

"Victoire!" aliita. "Kesho uniletee maharagi."

Msichana aligeuka, akakunja uso. "Maharagi? Mama, maharagi inakawia. Itabidi niichambue leo, niiloweshe usiku, niamuke mapema niwashe moto."

"Basi uichambue leo, uiloweshe usiku, uamuke mapema."

Victoire alisimama kidogo pale juani na sahani yake. "Na chumvi iliisha," alisema. "Kwanza nipite ku soko." Akaenda.

Berthe alikaa kwenye ghala lile mpaka mvua kubwa zilipoanza. Kila siku aliagiza kitu cha kesho, na kila siku alichagua kile kinachokawia kuiva.